Uwazi Usio na Tundu

Neno "wazi" tumelibebesha kazi nyingi. Mlango uko wazi, maana yake unaweza kuingia. Kiti kiko wazi, maana yake hakuna aliyekikalia. Jambo liko wazi, maana yake linaeleweka. Fulani kasema wazi, maana yake hakuficha kitu. Halafu siasa nayo ikalichukua na kulifanya kaulimbiu. Wengi tunaikumbuka "Ukweli na Uwazi" ya enzi za Rais Benjamin Mkapa, na tangu hapo sijahudhuria warsha hata moja iliyoisha bila mtu kusimama na kutaja "uwazi na uwajibikaji". Makofi yanapigwa, chai inanywewa, watu wanaondoka. Hakuna anayeuliza: uwazi upi? Wa mlango, au wa dirisha lililofungwa?

Swali langu leo ni hilo. Kitu kinachokuruhusu kuona ndani, lakini hakikuruhusu kuingia, kusema wala kusikia, kinastahili kweli kuitwa kiko wazi? Na kama hakistahili, anayekiweka mbele yetu na kukiita hivyo anatutendea haki?

Nitalijibu kwa kupitia kitu ambacho wengi tunakigusa kila siku bila kukijua jina: akriliki. Najua utasema, kwani falsafa imeishiwa mada mpaka tuhangaike na plastiki? Subiri kidogo. Ipo plastiki moja iliyotengenezwa mahususi ili ionekane kama haipo, na kitu cha namna hiyo kina mengi ya kutufundisha kuhusu uwazi.

Jina lake la kikemia ni polimethili methakrilati. Ukilitamka mara moja bila kukwama, soda juu yangu. Iliingia sokoni miaka ya 1930, karibu wakati mmoja Uingereza na Ujerumani. Waingereza wakaiuza kwa jina la Perspex, Wajerumani wakaiita Plexiglas. Leo iko kila mahali. Zile taa nyekundu za nyuma ya daladala, vifuniko vyake mara nyingi ni akriliki. Herufi za mabango ya maduka zinazowaka usiku, akriliki. Ile tuzo anayokabidhiwa mfanyakazi anayestaafu, yenye jina lake lililochongwa na nembo ya ofisi, mara nyingi ni akriliki. Fizi za rangi ya waridi za meno ya bandia ni ukoo huohuo, na kucha ndefu za saluni, zile zinazopakwa kwa kuchanganya unga na kimiminika chenye harufu kali, nazo ni jamaa zake.

Sifa zake si za kubeza. Uzito wake ni karibu nusu ya uzito wa kioo cha ukubwa uleule. Inapitisha asilimia 92 hivi ya mwanga unaoonekana, na ile 8 inayobaki karibu yote hurudishwa na nyuso zake mbili, wa mbele na wa nyuma. Ndani yenyewe haizuii chochote cha maana. Ukikitazama kioo cha kawaida cha dirisha kwa upande wa ukingo utaona ukijani, kwa sababu ya chuma kilichomo, lakini ukingo wa akriliki safi ni mweupe kama maji. Ndiyo maana inatumika kwenye matangi makubwa ya samaki. Kule Dubai, ndani ya jengo la maduka, kuna tangi lenye ukuta wa akriliki wa karibu mita 33 kwa upana na zaidi ya mita 8 kwa kimo, unene wake sentimita 75. Hebu fikiria: robo tatu ya mita ya plastiki, na papa bado unamwona kama yuko sebuleni kwako.

Ina uvumilivu wa jua pia. Plastiki nyingi zikiachwa nje hugeuka njano na kuanza kukatika, lakini akriliki nzuri inakaa miaka mingi juu ya paa la duka bila kufubaa sana. Ukiipasha moto kupita nyuzi 100 hivi inalainika, fundi anaikunja atakavyo, na ikipoa inabaki vilevile. Ukiikata kwa leza, ukingo unatoka umeng'aa kama uliopigwa msasa siku nzima.

Udhaifu nao upo. Inakwaruzika upesi kuliko kioo. Na haipatani na spiriti, petroli wala asetoni. Ikikutana nazo huota nyufa ndogondogo kama utando wa buibui. Hili tulilishuhudia kuanzia mwaka 2020, wakati wa korona, ambapo kaunta nyingi duniani ziliwekewa vizuizi vya akriliki kwa haraka. Wafanyakazi wakawa wanavifuta kila saa kwa vitakasa mikono vyenye spiriti, na vingine vikaanza kuingia ukungu. Korona ikapungua, barakoa tukazitupa, ila vizuizi vingi vikabaki palepale, na ukungu wao.

Hapo kwenye kaunta ndipo swali langu linapoanza kuuma.

Kabla ya akriliki sisi tulikuwa na nondo, na bado tunazo. Duka la mtaani lenye dirisha la nondo au wavu kila mtu analijua. Muuzaji yuko ndani, wewe uko nje, na nondo zinakwambia bila aibu: sikuamini vya kutosha kukuruhusu uingie. Si salamu nzuri. Lakini angalia kinachoendelea kwenye lile dirisha. Unasema "shikamoo mama", unajibiwa "marahaba mwanangu, hujambo?" Unaulizia bei ya sukari, unalalamika, unaombwa umpelekee jirani ujumbe. Mkono unapita na chenji, na mtoto anapenyeza vidole akionyesha pipi anayoitaka. Nondo inazuia mwili na kuruhusu karibu kila kitu kingine.

Akriliki inafanya kinyume chake. Inaruhusu mwanga na kuzuia karibu kila kitu kingine. Inazuia sauti, inazuia mkono, inazuia pumzi. Halafu, tofauti na nondo, haikiri kwamba inazuia. Imekaa pale kama haipo, na mtu asiyejua ataigonga kwa uso.

Shangazi yangu aliigonga kwa mkono. Ana miaka sabini na kitu, na alikuja Dar es Salaam kutoka Muheza kwa sababu macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Tulikwenda hospitali moja, sitaitaja, tukafika dirisha la malipo. Yeye ni mtu wa kusalimia kwa mkono. Huko kwao huwezi kuanza shughuli na mtu bila kumpa mkono. Akaona kivuli cha mtu mbele yake, akanyoosha mkono kumsalimia, vidole vikagonga plastiki. Ko! Waliokuwa kwenye foleni wakacheka, si kwa ubaya, ni vile watu wanavyocheka mtu akijikwaa. Yeye hakucheka. Akarudisha mkono, akaufuta kwenye khanga kana kwamba ulikuwa umechafuka.

Kisha yakaanza maswali. Binti wa ndani alikuwa anauliza jina, umri, kata anayotoka, na kama ana bima. Matundu ya sauti yalitobolewa chini, usawa wa mdomo wa mtu aliyeketi ndani. Aliyesimama nje, ili asikie, ilibidi ainame aweke sikio pale, na akiinama haoni tena uso wa anayeongea naye. Ukitaka kumwona, humsikii. Ukitaka kumsikia, humwoni. Shangazi aliinama mara nne. Mara ya tano akanigeukia akasema, "Mwanangu, ongea nao wewe. Mimi hawanitaki." Nikaongea mimi. Jina lake, umri wake, ugonjwa wake, vyote nikavitaja mimi kwa sauti ya juu mbele ya foleni nzima, naye amesimama pembeni kama mzigo uliosindikizwa.

Sasa, nisiwe mwepesi wa kulaumu. Yule binti wa ndani alikuwa na sauti iliyokauka, na ilikuwa saa nne tu asubuhi. Anakoholewa na watu mamia kwa siku. Kifua kikuu kipo, mafua yapo, na watu wenye hasira wanaotaka kumpiga mhudumu wapo pia. Ana haki ya kulindwa, tena haki kubwa, na mshahara wake si wa kumfanya auze mapafu yake. Kama mtu atasema ving'olewe vizuizi vyote, mimi simo. Nisichokubali ni kukichukua kile kizuizi na kukihesabu kama uwazi. Ukilalamika kwamba hukusikilizwa unajibiwa: "Kwani hukutuona? Tulikuwa tunafanya kazi mbele ya macho yako."

Jibu hilo silisikii hospitalini tu. Bajeti imewekwa mtandaoni, kurasa mia nne, kwa Kiingereza, na barua pepe ya kuulizia haijibiwi: "Tumekuwa wazi, kila kitu kipo." Mkutano wa kijiji umesomewa mapato na matumizi kwa kasi ya mtangazaji wa mpira, kisha mwenyekiti anasema muda umekwisha: "Taarifa imesomwa hadharani." Unaonyeshwa kila kitu, ila huna pa kupitisha neno.

Kuna pingamizi la haki hapa, na nimelifikiria sana. Mtu atasema: afadhali kuona kuliko kutoona kabisa. Ukuta wa matofali ungekuwa bora? Si bora. Chukua sanduku la kura. Siku hizi hapa kwetu Afrika Mashariki tunatumia masanduku yenye kuta zinazoonyesha ndani. Kabla ya kura ya kwanza kutumbukizwa, mawakala wanalitazama na kuona kwamba ni tupu. Hakuna anayehitaji kuongea na sanduku, na kuona peke yake kunamaliza kazi.

Sanduku hilo ndilo lililonisaidia kupata kipimo. Tuangalie mtu anakuja na swali gani. Yapo maswali ya macho: sanduku ni tupu? Samaki yuko wapi? Mafuta ya kukaangia ni safi au meusi? Kwa maswali hayo, ukuta unaoonyesha ndani unajibu kikamilifu, na ni uaminifu kuuweka. Yapo maswali ya mdomo na sikio: kwa nini dawa yangu haipo? Fedha za kisima zimekwenda wapi? Nitapona? Maswali haya hayajibiwi kwa kuonekana. Mtu akija na swali la sikio, nawe ukampa jibu la macho, umemnyima, hata kama ukuta wako unapitisha asilimia 92 ya mwanga. Naona pia kwamba umemnyima kwa namna mbaya kuliko ukuta wa matofali, kwa sababu tofali lingempa angalau haki ya kusema "nimefungiwa". Akriliki inampokonya hata malalamiko.

Na yapo maswali ambayo macho hayapaswi kuyauliza kabisa. Nimeona siku hizi visanduku vya sadaka vya akriliki, safi, vyenye kufuli dogo. Lengo ni zuri: waumini waone fedha haziibwi. Lakini jaribu kuwa mtu mwenye shilingi mia tano tu mfukoni, unasimama mbele ya sanduku ambalo ndani yake kuna noti za elfu kumi, na nyuma yako kuna watu. Dini zetu kubwa mbili zote zinasifu kutoa kwa siri. Sanduku la mbao liliitunza ile siri na kumwacha mhasibu peke yake na dhamana ya kuhesabu. Hili jipya linamlinda mtoaji dhidi ya mhasibu mwizi kwa kumweka mtoaji mwenyewe kwenye maonyesho. Huenda kuna mahali biashara hiyo ina faida. Mimi ningependa waumini waulizwe kwanza.

Nirudi kwenye macho, maana ndiko akriliki ilikofanya kazi yake ya heshima kuliko zote. Wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za kivita za Uingereza zilikuwa na vifuniko vya Perspex juu ya rubani. Ndege ikipigwa risasi, vipande viliruka na kuingia machoni mwa marubani. Walipata majeraha mabaya, na wapo waliopofuka. Daktari wa macho wa London, Harold Ridley, aliwatazama majeruhi hao akaona jambo la ajabu: vipande vya plastiki ile vilivyobaki ndani ya jicho vilikaa kwa utulivu, na jicho halikupambana navyo kama linavyopambana na uchafu mwingine. Mwezi Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas', aliweka lenzi ya plastiki hiyo ndani ya jicho la mgonjwa aliyetolewa mtoto wa jicho. Wakubwa wa taaluma yake walimpinga kwa miaka mingi. Kuweka kitu kigeni ndani ya jicho, wakati madaktari wamesomea kuvitoa, ilionekana wazimu. Leo upasuaji huo ni miongoni mwa unaofanywa kwa wingi zaidi duniani, na lenzi nyingi bado ni za ukoo wa akriliki, ngumu au laini.

Shangazi aliwekewa moja. Bandeji ilipotolewa kesho yake, alinitazama muda mrefu, akasema, "Kumbe umezeeka hivi!" Kisha akaanza kunionyesha mambo: vumbi juu ya feni, uzi uliochomoza kwenye shati langu, mjusi darini.

Kwa hiyo plastiki iliyomzuia kusikilizwa na plastiki iliyomrudishia nuru ni ukoo mmoja, na zilikutana naye ndani ya wiki moja. Tofauti iko wapi? Akriliki haijui hospitali wala jicho. Inapitisha mwanga tu, basi. Lenzi imewekwa upande wa anayetaka kuona, inamtumikia yeye, na swali lake ni la macho kweli. Kizuizi kimewekwa upande wa anayeonekana, kinamtumikia yeye, na swali lililoletwa mbele yake lilikuwa la sikio.

Halafu kuna jambo jingine ambalo lenzi inatukumbusha. Kwa miaka mingi baada ya Ridley, lenzi ilikuwa safi kabisa, ila ilikuwa safi huko iliko. Bei yake ilikuwa ukuta. Mwaka 1992, mjini Madurai, India, kikaanzishwa kiwanda cha Aurolab, mahususi kutengeneza lenzi za bei nafuu kwa ajili ya wagonjwa maskini, na bei ikashuka hadi sehemu ndogo ya ile ya awali. Mwaka 1994 Eritrea nayo ikapata kiwanda cha lenzi, pale Asmara. Walioamua hivyo hawakuongeza hata asilimia moja ya mwanga unaopita kwenye plastiki. Waliongeza watu walioweza kuifikia. Nami naamini sehemu kubwa ya uwazi iko huko, kwenye kufikiwa.

Basi nikisikia ofisi inajisifu kwa uwazi, namuuliza msemaji wake, japo kimoyomoyo: tundu liko wapi? Neno langu linapitia wapi kuingia, na jibu lako linapitia wapi kutoka? Limetobolewa usawa wa mdomo wa nani, wako wewe uliyeketi, au wa bibi aliyesimama?

Fundi yeyote wa mabango atakwambia kwamba kutoboa akriliki si kazi kubwa. Unaibana vizuri juu ya ubao ili isitikisike, unazungusha keekee polepole, husukumi kwa nguvu, maana ukiharakisha itayeyuka na kunata, au itapasuka kuanzia pale pale pa tundu. Ni dakika chache. Unaweza kutoboa matundu ya chini na ya juu, unaweza kukata nafasi ya kupitisha mkono, unaweza kumwekea na kipaza sauti asiyesikia vizuri. Vyote hivyo vinawezekana na yule binti wa ndani bado akabaki salama. Lakini fundi hatobowi pale anapoona panafaa. Anatoboa pale alipochorewa alama na mwenye kazi, na mwenye kazi, siku ya kuchora alama, mara nyingi huwa amekaa upande wa ndani.